Siku Jilala Alipokuja Kuchukua Mashine

Nyie mliobaki ofisini mlinikuta na tabia moja mliyokuwa mkiicheka. Watu wawili wakileta mkataba wao niugonge mhuri, mmoja nilikuwa namtoa nje akakae kwenye benchi, nafunga mlango, namuuliza aliyebaki: "Siku mkiachana, nani anaondoka na nini?" Kisha nawabadilisha. Mlisema Mama Biashara anahoji watu kama mpelelezi. Mmoja wenu, ambaye simtaji kwa kuwa bado hajathibitishwa kazini, alisema nitastaafu kabla sijaimaliza foleni. Kweli nimestaafu, na foleni nimewaachia. Sasa nina muda wa kuwaeleza tabia hiyo niliitoa wapi. Mambo ya vyeo na mshahara siyaandiki, na hivyo vyeo vyenyewe havikuwa vingi.

Nilifika Mpanda kwa treni, Katavi ikiwa bado haijawa mkoa, na barua yangu ya ajira nimeikunja ndani ya Biblia. Ofisi ya biashara ilikuwa chumba kimoja chenye meza moja, kabati la chuma lisilofunga, na Bwana Nestori. Huyo ndiye aliyenilea kikazi. Alikuwa Mfipa mwembamba, anavaa koti hata jua likiwa la kuchoma, na miwani yake ilishikiliwa na uzi upande mmoja. Siku ya kwanza hakuniambia karibu wala pole na safari. Alinipa mhuri na kibweta cha wino, akasema, "Huu ni mwepesi mkononi, lakini ukishashuka kwenye karatasi hauinuki tena."

Masomo yangu ya mwanzo hayakuwa ya kitabuni. Alinitembeza sokoni na pale stesheni, akawa ananionyesha watu kwa kidevu. Yule mama anayeuza wali na maharage, hiyo ni biashara ya mtu mmoja: faida ni yake, na wali ukiungua umemuungulia yeye. Wale wawili wa vipuri vya pikipiki ni wabia: mmoja akiharibu wameharibu wote, hata aliyekuwa kanisani. Na kampuni? Bwana Nestori alisimama katikati ya njia, baiskeli zikatukwepa. "Kampuni ni mtu asiyekula wala kuoa, lakini ana mali yake na anashitakiwa. Ukishamwanzisha, mali yake si yako tena, hata kama wewe ndiye uliyemzaa." Mzee mmoja wa mjini alikuwa akitusumbua kila wiki anataka kampuni, kwa sababu jirani yake anayo. Alipoelezwa kwamba hataweza kuchota kwenye droo ya kampuni kama anavyochota mfukoni mwake, alirudi kwenye jina lake la zamani. Ila kibao alikiandika kikubwa kuliko cha jirani.

Kuhusu mkataba alinifundisha kwa vidole. Wawe watu wazima na wenye akili timamu. Wawe na hiari, hakuna aliyesukumwa. Kila mmoja atoe kitu na apate kitu. Jambo lenyewe liwe halali. Alipobaki na dole gumba, alilishika kwa muda mrefu: wote wawili wawe wameelewa jambo lilelile kwa maana ileile. Hicho cha mwisho mimi nilikiona cha kujaza mkono tu. Watu wanakaa mezani pamoja, wanaongea Kiswahili kimoja, watashindwaje kuelewana?

Bwana Nestori alipostaafu akarudi kwao, nikabaki peke yangu na kata zote hizo na pikipiki moja. Hapo ndipo nilipojiona mwerevu. Nilitengeneza fomu yangu ya mkataba wa ubia, kurasa mbili, imechapwa vizuri, na nafasi za kujaza majina. Zamani tuliandika kila mkataba kwa mkono, asubuhi nzima inakwisha. Kwa fomu yangu dakika ishirini zilitosha. Wakuu waliisifu. Nilijiona wakili, bado joho tu.

Kwa fomu hiyo niliwaandikisha Anatoli na Jilala, pale Usevya.

Anatoli alikuwa Mpimbwe wa hapohapo, mkulima wa mpunga, mtu wa kanisa, mpole, mwenye kiwanja kizuri kando ya barabara. Jilala alikuwa Msukuma aliyehamia na mifugo yake miaka mingi nyuma, mrefu, mwenye sauti ya chini, na watoto wengi wa kiume. Walikuwa marafiki kweli. Jilala aliuza ng'ombe kumi na wanne, akanunua mashine ya kukoboa mpunga na injini yake ya dizeli. Anatoli alitoa kiwanja, akajenga banda la matofali ya kuchoma, akamimina zege la kuikalisha mashine. Makubaliano yao yalikuwa mepesi: Anatoli anaendesha, mapato wanagawana nusu kwa nusu.

Siku ile nilikuwa na watu wengine tisa wanaosubiri leseni, mvua imefunga upande wa hifadhini, na sikutaka giza linikute kwenye ile barabara ya kupita porini hadi Sitalike. Nilijaza majina. Nikasoma fomu yote kwa sauti, mbio, kama mtu anayesoma matangazo ya ndoa kanisani. Kipengele cha sita kilisema mali yoyote itakayoletwa na mbia kwenye biashara itakuwa mali ya ubia. Anatoli alisema, "Sawa." Jilala alisema, "Eeh, mayu," ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, akatikisa kichwa kukubali kila nilipovuta pumzi. Mtu mzima wa kwao hamkatizi mgeni wa serikali mbele ya rafiki yake kwa kuuliza maswali. Nililijua hilo. Nilichukua heshima yake nikaihesabu kuwa ridhaa, akaweka dole gumba, nikagonga mhuri. Mbung'o wa hifadhini wakaning'ata njia nzima, na naona hata hawakuning'ata vya kutosha.

Miaka minne ilipita bila neno. Mashine ilikoboa, watu walitoka hadi vijiji vya mbali. Anatoli aliacha kabisa kulima, majaruba yake ya mpunga akawagawia wadogo zake, nao wakaoa na kujenga nyumba kwa mavuno ya hayo majaruba. Kutokana na mapato walinunua mashine nyingine, ndogo, ya kusaga mahindi.

Kisha asubuhi moja ya msimu wa mavuno simu yangu ililia. Mtendaji wa kijiji alikuwa anahema. "Mama, njoo. Jilala amekuja na trekta na tela kung'oa mashine. Anatoli amejifungia bandani. Vijana wa pande zote mbili wameshika marungu. Wanasema karatasi ni ya kwako."

Niliichukua nakala kwenye kabati, nikaisoma nimesimama. Kipengele cha sita kilikuwa palepale. Kisheria nilikuwa na jibu: mashine ni ya ubia, Jilala haruhusiwi kuiondoa peke yake. Niliomba gari la halmashauri, nikapewa pamoja na askari mmoja, kijana ambaye njia nzima aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Kadiri tulivyoikaribia Usevya ndivyo hakika yenyewe ilivyozidi kunitoka. Nilikuwa nakumbuka kile kichwa cha Jilala kikitikisika.

Tulipofika, magunia ya mpunga yalikuwa yamepangwa nje ya banda na wenyewe wamekaa juu yake. Upande mmoja wa barabara walisimama ndugu za Anatoli na mapanga yao ya shambani. Upande wa pili vijana wa Jilala wameegemea tela na marungu yao, na kaka yao mkubwa, Shija, ameshika spana ndefu ya kufungulia nati. Jilala mwenyewe alikuwa amekaa chini kwenye kivuli cha trekta, fimbo yake magotini. Sijawahi kuogopa kazini kama siku ile.

Nilimwendea Jilala kwanza. Nikamsalimu, akaitikia kwa heshima yake ileile.

"Baba, kuna nini?"

"Mayu, ninahama. Malisho huku yamefungwa. Napeleka mifugo upande wa Mwese. Wiki nzima nimekuwa nakusanya vya kwangu."

"Vya kwako vipi?"

"Ng'ombe niliowaweka kwa marafiki. Nilikuwa na watatu kwa mtu wa Kibaoni, nimewachukua. Wanne kwa mwingine, nimewachukua, tumekula pamoja, tumeagana. Nimekuja kwa Anatoli, amenifungia mlango." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sijawahi kufungiwa mlango na mtu niliyemwekea mifugo."

Nyie mnaofanya kazi na wafugaji mnaijua desturi hiyo. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki zizi moja. Wengine anawapeleka kwa rafiki. Rafiki anachunga, anakunywa maziwa, anapata samadi. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na siku yoyote mwenyewe akija na kamba anapewa, bila kinyongo. Basi Jilala alikuwa amemwekea Anatoli mashine. Nusu ya mapato aliyomwachia ilikuwa maziwa. Wala hakuwa mwizi wala tapeli. Alikuwa ameushika mkataba wake vizuri kuliko mimi nilivyoushika wa kwangu.

Nikaenda dirishani kwa Anatoli. Alikuwa amesimama ameiwekea mashine mkono, jasho linamtiririka.

"Mama, waambie," alisema. "Kiwanja changu, banda langu, miaka yangu minne. Mimi ni mbia. Si uliandika mwenyewe? Mimi shamba sina tena. Wakiiondoa hii, mimi nitakula nini?"

"Niliandika, Anatoli."

"Basi soma. Soma tu, waondoke."

Mtendaji naye akaninong'oneza, "Mama, usijitie mengi. Soma kilichoandikwa, askari yupo, tumalize."

Wakati huohuo jiwe likatua juu ya bati la banda. Mlio wake ulimtoa kila mtu alipokuwa. Ndugu za Anatoli wakasogea mbele, Shija akainua spana, mwanamke mmoja akapiga ukelele akamvuta mtoto wake kutoka kwenye magunia. Yule askari wangu aligeuka kunitazama mimi, kana kwamba mwenye bunduki ni mimi. Jilala akasema neno moja tu la Kisukuma, kwa nguvu, na vijana wake wakasimama palepale. Lakini mapanga na marungu hayakushuka.

Nikapanda juu ya tela kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuonekana. Nikasoma kipengele cha sita, polepole, kisha nikakisema tena kwa maneno ya kawaida: kitu kilicholetwa kwenye biashara hii si cha aliyekileta tena, ni cha wote wawili, na mmoja hawezi kukiondoa peke yake.

Upande wa Anatoli wakashangilia. Jilala alisimama, akasogea mpaka karibu na gurudumu la tela.

"Mayu. Hayo ya pili, uliyoyasema sasa hivi kwa Kiswahili cha watu. Siku ile uliniambia?"

Ningejibu ndiyo, na nani angenibishia? Fomu ilikuwa na dole gumba lake. Anatoli angebaki na mashine yake. Mimi ningebaki na sifa zangu na kazi yangu, na ada za shule za watoto wangu watatu zilitegemea kazi hiyo. Na Jilala angeondoka akiamini kwamba karatasi ni mtego wanaotegewa watu wanaotikisa kichwa kwa adabu.

"Nilisoma," nikasema. "Kukueleza, sikukueleza."

"Uliniuliza kama nimeelewa?"

"Sikukuuliza, baba. Nilikuwa na haraka."

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, nami nilikuwa nimeajiriwa kwa kazi hiyohiyo ya kumwambia. Nikawaeleza wote waliokuwepo, huku nimeshikilia ubavu wa tela nisianguke. Nikasema mimi si hakimu, na Anatoli ana haki ya kuipeleka karatasi ile mahakamani. Lakini nikiitwa huko nitasema haya ninayosema hapa: hawa wawili hawakukubaliana jambo moja. Mmoja aliingia kwenye ubia, mwingine aliwekesha mali kwa rafiki. Pasipo na makubaliano hapana mkataba, na kila mtu hurudi kwenye chake.

Mlango wa banda ulifunguliwa kutoka ndani. Anatoli alitoka, akanipita bila kunitazama, akaenda kusimama mbele ya Jilala. Nilidhani sasa ndipo damu itamwagika.

"Ulidhani mimi ni mchungaji wako?" alimuuliza.

"Nilidhani wewe ni rafiki yangu. Mchungaji ninamwajiri. Ng'ombe ninamwekea rafiki."

Anatoli akafuta uso kwa upindo wa shati. "Chukua," akasema. "Mahakama ya nini, mimi nilale na kesi ya mtu aliyeniita rafiki. Chukua."

Shija na wenzake wakaingia. Kulegeza nati nne kulichukua muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Zilikuwa zimeshika kutu, na kila moja ililia. Waliibeba mashine watu wanane. Wenye magunia wakaanza kutafuta baiskeli za kuupeleka mpunga wao kwingine. Kisha Shija akarudi ndani, akaishika ile mashine ndogo ya mahindi.

"Hiyo acha," Jilala alisema.

"Baba, imenunuliwa na pesa ya hii kubwa. Nayo ni yetu."

"Imezaliwa hapa. Aliyechunga vizuri haondokewi na vyote, anaachiwa ndama. Au siku hizi unalelewa na nani wewe?"

Shija aliiachia. Jilala akampa Anatoli mkono, Anatoli akaupokea, lakini hawakula pamoja kama alivyokula na wale wengine. Trekta likaondoka. Nilibaki nimesimama nikiwaza kwamba desturi ile isiyoandikwa popote ilikuwa na kipengele cha siku ya kuachana, na fomu yangu iliyosifiwa haikuwa nacho.

Nilipata barua ya kujieleza, nikajieleza, hayo tuyaache. Fomu zangu zilizobaki nilizichoma nyuma ya ofisi, mhudumu akiniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Na Usevya nikawa naipita kwa mbali. Nilikuwa na aibu. Nilisikia Anatoli anasaga mahindi kwenye banda kubwa lililobaki wazi, na kwamba wakati wa mavuno anapiga kibarua kwenye majaruba yaliyokuwa yake.

Siku aliyokuja ofisini kwangu sikuwa nimemtegemea. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, kofia yake mapajani.

"Anatoli, nisamehe."

"Ulisema kweli, mama. Mbele ya watu wote wale, ukiwa umeshikilia tela kama mgonjwa. Kusema kweli hukukosea." Akaigeuza kofia upande wa pili. "Ila ukweli huo ungeuleta siku ile tulipoweka dole gumba, mimi leo ningekuwa na mpunga wangu."

Nilitazama meza. Alikuwa na haki ya kuinuka na kwenda zake, na nilitamani afanye hivyo.

"Nataka kuiandikisha ile ndogo," akasema. "Jina langu peke yangu. Karatasi andika wewe, kwa mkono."

"Kuna vijana wazuri walioletwa, wako hapa chumba cha pili, wanaweza—"

"Andika wewe. Na leo unisomee polepole."

Niliandika mpaka mchana. Kisha nikaanza kusoma, neno baada ya neno, na kila sentensi ikiisha nanyamaza namtazama. Sentensi ya kwanza akatikisa kichwa. Ya pili akatikisa kichwa, nami nikaogopa kwamba anafanya hivyo kwa adabu tu, kama Jilala siku ile. Katikati ya sentensi ya tatu aliinua mkono.

"Hapo sijaelewa," akasema. "Rudia."